Testosteroni Hii Imetoka Wapi?

Tarehe 9 Aprili 2013 wakaguzi wa mamlaka ya mbio za farasi ya Uingereza waliingia bila taarifa katika mazizi ya Moulton Paddocks, mjini Newmarket, wakachukua sampuli za farasi 45. Mazizi hayo ni ya Godolphin, kikosi cha farasi wa mbio cha mtawala wa Dubai, Sheikh Mohammed bin Rashid Al Maktoum. Majibu yalipotoka, farasi 11 walikutwa na steroidi mwilini: saba etilestranoli, wanne stanozololi. Kabla mwezi haujaisha, mkufunzi wao, Mahmood Al Zarooni, alikuwa ameshafungiwa miaka minane.

Farasi waliobaki wa mazizi hayo walipopimwa, wengine wakapatikana na stanozololi, na kati yao alikuwemo Encke. Huyu ndiye aliyeshinda mbio za St Leger mwaka 2012 na kumzuia Camelot kutwaa mataji yote matatu makubwa ya Uingereza, jambo ambalo halijafanywa na farasi yeyote tangu Nijinsky mwaka 1970. Vipimo vya Encke vya msimu ule wa 2012 havikuonyesha kitu, kwa hiyo ushindi wake ulibaki. Nawahurumia wenye Camelot, ambao tangu siku ile hawana pa kulipeleka swali lao.

Stanozololi ni jina ambalo wapenzi wa riadha wa umri wangu hawalisahau. Ndiyo dawa iliyokutwa kwenye mkojo wa Ben Johnson wa Canada baada ya fainali ya mita 100 mjini Seoul, Septemba 1988, alipokimbia kwa sekunde 9.79 na kumwacha Carl Lewis nyuma. Siku tatu baadaye medali ilikuwa ya Lewis. Mwanadamu na farasi, miaka 25 kati yao, wamenaswa kwa dawa ileile, na tena kwa sababu ileile: stanozololi haitengenezwi na mwili wa kiumbe yeyote. Hutoka kiwandani tu. Mkemia akiikuta kwenye mkojo, hata chembe, hana haja ya kujiuliza zaidi.

Kazi ngumu ni testosteroni. Hiyo kila mwanamume anayo, kila mwanamke anayo kwa kiasi kidogo, na farasi dume anayo tele. Anayejidunga testosteroni hajaongeza kitu kigeni, ameongeza kitu ambacho tayari kipo. Mkemia wa maabara ya kudhibiti dawa za kusisimua misuli hawezi kuishia kwenye swali la kama dawa ipo au haipo. Inambidi aulize imetoka wapi, na ajibu kwa ushahidi utakaosimama mbele ya mawakili. Kwa zaidi ya miaka 40 elimu hii imekuwa ikilizunguka swali hilo moja.

Farasi ndiye aliyetangulia kupimwa, kabla ya binadamu. Mnamo mwaka 1910 na miaka iliyofuata, wakemia mjini Vienna walikuwa wanapima mate ya farasi wa mbio kutafuta dawa za kuchangamsha. Sababu ilikuwa fedha: watu waliweka dau kwa farasi, na aliyepoteza dau alitaka kujua kama aliibiwa. Kwenye Olimpiki binadamu walisubiri hadi 1968 kuanza kupimwa, na hata hapo steroidi hazikuguswa kwa kuwa hakuna aliyejua namna ya kuzipima. Kipimo cha kwanza kilitengenezwa London na Raymond Brooks wa hospitali ya St Thomas', kikajaribiwa kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Christchurch mwaka 1974, kisha kikatumika rasmi Montreal mwaka 1976. Wanamichezo waliokuwa wakitumia steroidi za kiwandani wakaelewa mara moja. Wengi wakaziacha majuma kadhaa kabla ya mashindano na kuhamia kwenye testosteroni, ambayo hakuna aliyeweza kuitofautisha na ya mwilini.

Aliyewafuata huko alikuwa Manfred Donike, Mjerumani wa Cologne, ambaye kabla ya kuwa mkemia alikuwa mwendesha baiskeli wa kulipwa na alishiriki Tour de France. Donike aliona kwamba mwili, pamoja na testosteroni, hutengeneza pacha wake asiye na kazi kubwa, epitestosteroni. Kwa watu wengi viwili hivi hutoka kwenye mkojo kwa kiasi kinachokaribiana, moja kwa moja. Mtu akijidunga testosteroni, ya kwanza hupanda na ya pili hubaki palepale au hushuka. Basi usipime wingi, pima uwiano. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikaweka mpaka wa sita kwa moja. Mwaka 2005 Shirika la Dunia la Kupambana na Dawa za Kusisimua Misuli, WADA, lilikuwa limeushusha hadi nne kwa moja.

Ni wazo zuri sana, na nalisifu bila kusita. Lakini lina kasoro ambayo ilichukua miaka mingi kuonekana. Watafiti wa Taasisi ya Karolinska ya Stockholm waligundua kwamba uwezo wa mwili kutoa testosteroni kwa njia ya mkojo hutegemea sana jeni moja, UGT2B17, na kwamba wapo watu waliozaliwa bila jeni hiyo. Wazungu wa namna hiyo ni wachache, lakini katika Asia ya Mashariki wamejaa. Mwaka 2008 watafiti hao walichapisha jaribio la wanaume 55 waliodungwa miligramu 500 za testosteroni. Kati ya wale wasio na jeni hiyo, asilimia 40 hawakufika nne kwa moja hata siku moja. Walikuwa na dawa mwilini, na kipimo kiliwaambia ni wasafi. Upande wa pili wapo waliozaliwa na uwiano wa tano au sita bila kugusa sindano, na hao kipimo kiliwatilia shaka bure.

Ndiyo maana tangu mwaka 2014 kuna pasipoti ya steroidi. Mwanamichezo halinganishwi tena na wastani wa walimwengu, analinganishwa na nafsi yake. Vipimo vyake vya miaka yote hupangwa pamoja, na kimoja kikiruka ghafla, hata kama bado kiko chini ya mpaka, sampuli hiyo huchunguzwa kwa undani. Kama ningeulizwa ni hatua gani imewasaidia zaidi wasio na hatia katika vita hivi, ningeitaja hii.

Kwa farasi tatizo lina umbo lake. Dume, jike na aliyehasiwa ni viumbe watatu tofauti kabisa mbele ya mkemia. Sheria za kimataifa za mbio zinamruhusu farasi aliyehasiwa kuwa na nanogramu 20 tu za testosteroni katika kila mililita ya mkojo, jike 55, na jike mwenye mimba ana hesabu yake. Nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu. Dume hakuwekewa mpaka wa testosteroni, maana ni yake. Ajabu zaidi ni nandroloni: kwa binadamu ikivuka kiwango kidogo sana ni kosa, lakini farasi dume huitengeneza mwenyewe. Nguruwe dume naye vilevile, na mwaka 2021 mkimbiaji wa Marekani Shelby Houlihan alipokutwa na nandroloni, utetezi wake ulikuwa kwamba alikula nyama ya nguruwe wa aina hiyo. Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo haikukubali, akafungiwa miaka minne. Hata hivyo hoja yenyewe si upuuzi wa kikemia. Maabara zinatambua kwamba viungo vya nguruwe asiyehasiwa vinaweza kuacha alama kwenye mkojo wa aliyevila, na zina taratibu za kulichunguza hilo.

Jibu lililokaribia zaidi swali la asili limetokana na mimea. Hapa msomaji wa Afrika Mashariki avute kiti, kwa sababu chakula chake kimo ndani.

Kaboni iliyoko hewani ni ya aina mbili zisizo na mnururisho: nyepesi, ambayo ni karibu yote, na nzito, ambayo ni kama asilimia moja tu. Mimea huzivuta zote mbili lakini si kwa upendeleo sawa. Ngano, mchele, viazi, muhogo na soya huikwepa kaboni nzito. Mahindi, miwa, mtama na uwele hutumia njia nyingine ya kutengeneza chakula chao na hubaki na kaboni nzito zaidi. Tofauti hiyo ni ndogo, ya sehemu kumi na kadhaa kwa elfu, lakini haifutiki. Anayekula mmea huo huujenga mwili wake, nywele zake na homoni zake kwa kaboni hiyohiyo.

Sasa testosteroni ya kiwandani hutengenezwa kwa nini? Kwa mimea. Miaka ya 1940 Mmarekani Russell Marker alionyesha kwamba steroidi zinaweza kutengenezwa kutokana na viazi vikuu vya mwituni vya Mexico, na siku hizi malighafi kubwa ni soya. Vyote viwili viko upande wa kaboni nyepesi. Kwa hiyo testosteroni ya sindano, ingawa umbo lake ni lilelile la testosteroni ya mwili, inabeba alama ya shamba ilikotoka. Maabara huchukua mabaki ya testosteroni kwenye mkojo na kuyalinganisha na steroidi nyingine ya mtu huyohuyo isiyotokana na testosteroni. Kama vyote vimetoka kwenye chakula chake, kaboni itafanana. Vikipishana kwa zaidi ya sehemu tatu hivi kwa elfu, kimoja kimetoka nje.

Hivyo ndivyo alivyonaswa Floyd Landis. Mwaka 2006 Mmarekani huyu alishinda Tour de France baada ya kuishiwa nguvu vibaya siku moja na kesho yake kupanda milima ya Alps hadi Morzine kama mtu mpya. Uwiano wake ulikuwa 11 kwa moja, na kaboni ikathibitisha kwamba testosteroni ile haikuwa yake. Alipinga kwa miaka, akaichangisha fedha hadhira iliyomwamini, akashambulia maabara ya Ufaransa kwa kila alichoweza. Mwaka 2010 akakiri kwamba kwa muda mrefu alikuwa anatumia dawa.

Mkimbiaji aliyekulia Eldoret au Iten kwa ugali wa mahindi ana kaboni nzito kuliko Mzungu aliyekulia kwa mkate na viazi. Akijidunga testosteroni ya soya, pengo kati ya homoni yake na ya sindano huwa kubwa zaidi, na maabara humwona kwa urahisi zaidi. Kwa Mzungu hali ni tete, kwa sababu zimeshapatikana testosteroni za dukani ambazo kaboni yake inaangukia karibu na ya mwili wake. Farasi wa Newmarket ana hali hiyohiyo au mbaya zaidi: anakula shayiri, majani makavu na nyasi za nchi baridi, vyote vya kaboni nyepesi, na homoni yake hukaa jirani na soya. Kipimo kinachomnasa mla ugali kinaweza kumpita farasi huyo.

Ndiyo maana kwa farasi wakemia wamegeukia singa na mkia. Unywele wa farasi ni daftari: hukua kama sentimita mbili au zaidi kidogo kwa mwezi, na kila kilichopita kwenye damu wakati kipande hicho kinaota hubaki humo. Ukikata unywele mrefu vipande vipande unasoma miezi. Hasa huwa wanatafuta esta. Testosteroni ya sindano huwa imefungiwa mnyororo wa asidi ya mafuta ili iachiliwe mwilini polepole, na mnyororo huo ndio esta. Hakuna mwili unaotengeneza esta za namna hiyo. Ikionekana nzima kwenye unywele au kwenye damu, mjadala wa dume na jike, wa mahindi na ngano, umekwisha.

Kwa binadamu esta hutafutwa kwenye damu. Tangu mwaka 2021 WADA inaruhusu tone dogo lililokaushwa kwenye karatasi maalumu, ambalo halihitaji jokofu kwa namna mkojo unavyohitaji. Nalitaja jokofu kwa makusudi, kwa ajili ya mwanamke mmoja ambaye kisa chake kila afisa wa kupima anapaswa kukijua.

Diane Modahl alikuwa bingwa wa mita 800 wa Jumuiya ya Madola. Juni 1994 alikimbia Lisbon, akatoa mkojo, na Agosti, akiwa Canada tayari kutetea taji lake, akaambiwa uwiano wake ni 42 kwa moja. Akarudishwa nyumbani, akafungiwa. Uwiano kama huo kwa mwanamke ni wa kustaajabisha hata kwa anayetumia dawa, na hilo lilitosha kumfanya mtu atulie na kufikiri. Uchunguzi ulionyesha kwamba sampuli ilikuwa imekaa kwenye joto bila jokofu na ilikuwa imeharibika, na wanasayansi waliokuwa upande wake walithibitisha kwamba bakteria katika mkojo uliooza wanaweza kutengeneza testosteroni. Testosteroni ilikuwepo, ila haikutoka mwilini mwake wala kwenye sindano, ilizaliwa ndani ya chupa. Rufaa yake ilikubaliwa mwaka 1995, na shirikisho la dunia likamsafisha mwaka 1996. Kesi ya kudai fidia aliipoteza. Miaka bora ya miguu yake ilikwenda humo.

Watu husema kosa la namna hiyo haliwezi kutokea tena, kwa kuwa siku hizi maabara huangalia kwanza dalili za kuharibika kwa sampuli. Ni kweli huangalia. Lakini naomba tukumbuke kwamba Modahl aliokolewa kwa kuwa alipata wanasayansi na mawakili wa kumsemea. Kijana wa mbio za barabarani, ambaye zawadi ya mashindano mawili ndiyo ada ya wadogo zake, atawalipa kwa kitu gani?

Jokofu lina upande wa pili pia. Sampuli za Olimpiki huhifadhiwa miaka kumi ili elimu ya kesho izisome. Steroidi ikiingia mwilini huvunjwavunjwa na ini kuwa mabaki ya aina nyingi, mengine hutoka siku mbili tatu, mengine hubaki majuma. Mtu anayejua mabaki ya kudumu anaona mbali zaidi. Mwaka 2012 wakemia wa Moscow walichapisha utafiti wa mabaki ya muda mrefu ya turinaboli, steroidi iliyotumika sana Ujerumani Mashariki ya zamani. Elimu hiyo na nyingine ya Cologne zilipotumika kuzipima upya sampuli za Beijing 2008 na London 2012, zaidi ya wanamichezo 100 wakanaswa, wakiwemo wanyanyua uzito wengi. Mmoja wa waliochapisha utafiti huo alikuwa Grigory Rodchenkov, mkuu wa maabara ya Moscow, ambaye wakati huohuo aliwachanganyia wanamichezo wa Urusi steroidi tatu ndani ya pombe ili zisidumu mwilini, na kwenye Olimpiki za Sochi mwaka 2014 akashiriki kubadilisha chupa za mkojo usiku. Alikuwa anajua mwisho wa kila kipimo kwa sababu vingine alivitengeneza yeye.

Kenya haina Rodchenkov. Ripoti ya WADA ya mwaka 2018 ilihesabu Wakenya 138 waliokutwa na dawa tangu mwaka 2004, nandroloni ikiwa miongoni mwa zilizojitokeza sana, na ikasema wazi kwamba huu si mpango wa dola kama wa Urusi. Ni matumizi ya kubahatisha, yasiyo na ufundi. Nandroloni ya mafuta ni ushahidi wa hilo: ikidungwa kwenye paja mabaki yake huweza kuonekana miezi mingi baadaye. Mjuzi hawezi kumpa dawa hiyo mkimbiaji anayepimwa mara kwa mara. Anayempa ni mtu wa duka la dawa, au anayejiita daktari, au rafiki wa kambini, na wanariadha wengi ripoti iliwakuta hawana elimu ya kutosha kuhusu wanachopewa.

Rudi sasa Newmarket uone tofauti. Farasi aliponaswa, hakuna aliyefikiri kumfungia yeye maisha. Farasi walisimamishwa kukimbia kwa miezi sita, na adhabu nzito ikamwangukia Al Zarooni, kwa kuwa kanuni za mbio zinamhesabu mkufunzi kuwa ndiye mwenye dhamana ya kila kinachoingia mwilini mwa farasi wake. Baada ya kashfa ile Sheikh Mohammed alitoa amri ya kuzifanya steroidi kwa farasi wa mashindano kuwa kosa la jinai katika Falme za Kiarabu. Mnyama hasemi, kwa hiyo sheria ililazimika kuutafuta mkono ulioshika sindano.

Kwa binadamu kanuni ni kinyume. Kilichomo mwilini mwako ni chako, umejua au hukujua, na mwenye kuthibitisha vinginevyo ni wewe. Naielewa sababu yake: bila kanuni hiyo kila mdanganyifu angesingizia dawa ya kikohozi. Lakini sikubali kwamba hukumu ya mkimbiaji iwe ndiyo mwisho wa shauri. Tangazo la kufungiwa hutupa jina la mwanariadha, dawa na idadi ya miaka, basi. Maabara imefanya kazi ya kustaajabisha, imesoma kaboni ya mahindi na ya soya ndani ya tone la mkojo na kusema dawa hii imetoka nje ya mwili huu. Imetoka duka gani, kwa nani, kwa bei gani? Hayo si ya mkemia kujibu, ni ya polisi na mwendesha mashtaka.

Kenya ilipitisha sheria yake ya kupambana na dawa hizi mwaka 2016, na sheria hiyo inamhesabu mhalifu pia kocha, daktari au wakala anayempa mwanamichezo dawa iliyokatazwa. Ninachotaka kukiona ni hiki: kila mkimbiaji wa Kenya anapokutwa na nandroloni, siku hiyohiyo lifunguliwe jalada la pili, lenye swali la sindano ile, na mwandishi wa habari za riadha aliulizie jalada hilo kila mwezi kama anavyouliza matokeo ya marathoni za Boston na London.